Swala ya Mwanafunzi Anayekwenda Ujerumani kwa Mafunzo ya Kazi

Baada ya kumhimidi Allaah na kumswalia Mtume Wake: wanafunzi wetu wanaokwenda Ujerumani kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu huuliza mapema kuhusu viza na makoti. Kuhusu Swala huuliza wakishafika, na wengine wameshaanza kuzikosa.

Wengi hudhani watapunguza Swala muda wote kwa kuwa ni wasafiri. Sivyo. Katika madhehebu ya Imaam Shaafi'iy, anayenuia kukaa siku nne, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ni mkaazi tangu anapofika. Kwa Mahanafi ni siku kumi na tano. Basi utaswali kamili, na mwanamume Ijumaa inamlazimu.

Sasa tazama saa. Mjini Berlin, Disemba jua huzama kiasi cha saa kumi jioni, hivyo Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote zitakukuta kazini. Kabla ya kutia saini mkataba, mwandikie msimamizi wako: dakika kumi mara tatu, pembe yoyote safi, na Ijumaa mapumziko marefu utakayoyafidia jioni. Ukisubiri mpaka wiki ya pili, utaonekana mtoro.

Na ukivaa khuffu za ngozi ukiwa na udhu, utapangusa mchana mmoja na usiku wake, si siku tatu za msafiri. Hapo huna haja ya kunyanyua mguu kwenye sinki la ofisi, jambo ambalo wenyeji hawalipendi kabisa.

Wallaahu a'lam.