Sahibu: Rafiki Aliyekabidhiwa Amana

Sahibu ni rafiki wa karibu anayeaminiwa kwa siri, kwa mali na kwa heshima ya nyumba. Wengine husema swahibu au swahiba, na wingi wake ni masahibu au maswahiba. Uhusiano wenyewe huitwa usahibu au usuhuba, na walioshibana hivyo husemwa kuwa wanasuhubiana.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuandamana na mtu. Katika mzizi huohuo limo jina la maswahaba, yaani Waislamu waliokuwa pamoja na Mtume Muhammad enzi za uhai wake. Kiarabu hulitumia neno hilo pia kwa mwenye kitu, na huko India limekuwa jina la heshima mfano wa bwana. Kiswahili kimeshika zaidi maana ya usuhuba.

Kisarufi, sahibu hufuata mwenendo wa rafiki na ndugu. Kitenzi huchukua upatanisho wa watu, lakini kimilikishi hubadilika: “sahibu yangu amefika”, “masahibu zangu wamefika”.

Rafiki ni neno pana. Humtosha mwanafunzi mwenzako, jirani, hata mtu wa kucheza naye bao jioni. Sahibu amepita hapo. Anayesafiri humwachia ufunguo wa nyumba na fedha za matumizi ya watoto. Anayetaka kuoa humtuma kupeleka posa, kwa kuwa hata jibu likiwa baya, habari haitazagaa mtaani.

Yapo maneno yaliyo jirani nalo. Msiri ni mwenye kuambiwa siri, naye aweza kuwa mzee wa ukoo asiye rafiki. Mwandani hukaribiana sana na sahibu, ila husikika zaidi katika ushairi na maandishi ya kifasihi. Somo, hasa mwambao, ni rafiki, mtu mnayeitwa jina moja, au kungwi wa mwari. Shoga, kwa wanawake wa pwani, ni rafiki wa kike. Lakini kwa wasemaji wengi siku hizi ni mwanamume mwenye mapenzi ya jinsia moja, hivyo neno hilo lataka uangalifu. Mshikaji wa vijana wa Tanzania na beshte wa Kenya huonyesha mazoea, si lazima uaminifu.

Magazeti hupenda kuandika “swahiba wa kiongozi fulani”, na mara nyingi hapo hunukia upendeleo wa kisiasa. Matumizi hayo yanaeleweka, ila yanalipunguzia neno uzito wake.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kipimo hicho ndicho kinachomfaa sahibu. Jina hili lisigawiwe kila anayefahamika. Naye aliyeitwa hivyo ajue amekabidhiwa amana, na amana hutunzwa.