MAJI NDANI YA KOMPYUTA, NA MASHINE INAYOKATA PEKE YAKE



Siku hizi wengi wanaona katika video za simu mambo mawili ambayo yanawashangaza. La kwanza ni kompyuta (wengine huita ordinatere) yenye tiyo za maji ndani yake, pamoja na taa za rangi. La pili ni mashine ndogo ambayo mutu ameitengeneza mwenyewe nyumbani, nayo inakata mbao na alumini peke yake, fundi amekaa tu pembeni anaangalia. Maswali yanakuwa mengi. Je, ni mambo ya Ulaya tu, ao hata sisi wa Baraka na Fizi tunaweza? Jibu letu tunalisema mapema: ile ya maji tuiache, ile ya kukata tuishike. Sasa tueleze sababu.

Tuanze na maji. Kamio inayotoka Uvira ikiwa na muzigo, motere yake inachoma mafuta na chuma kinapata moto mwingi. Maji yanazunguka ndani ya motere, yanachukua lile joto, yanalipeleka katika radiatere mbele, na upepo unaliondoa. Pikipiki nyingi hazina maji. Zina mapezi ya alumini kando ya motere, upepo unapita katikati ya mapezi, basi. Kompyuta ya kawaida iko sawasawa na pikipiki. Ndani yake kuna kipande kidogo kinachofanya hesabu zote, kinaitwa prosesere. Kinaweza kula wati 65, na karibu umeme ule wote unageuka joto. Ni kama taa ya zamani ya wati 60, ile iliyokuwa inachoma vidole, lakini joto lile lote linatoka katika kitu ambacho ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba. Ndiyo maana wanaweka juu yake bamba lenye mapezi na ventilatere. Joto likikaribia digri 100, kompyuta inapunguza mwendo yenyewe. Likizidi, inazimika, hata kama ulikuwa hujahifadhi kazi yako.

Basi kwa nini wengine wanatia maji? Tupige hesabu, wanafunzi wa fizike watusaidie. Kupandisha lita moja ya maji kwa digri 1 kunaomba jul 4180. Kupandisha lita moja ya hewa kwa digri 1 kunaomba jul 1,2 hivi. Ni kusema, kwa kipimo kile kile, maji yanabeba joto karibu mara 3500 kupita hewa. Kompyuta ikitoa wati 100, na pompe ikipitisha lita moja kwa dakika, tunapata jul 6000 kwa dakika. Gawanya kwa 4180: maji yanapanda digri 1,4 tu. Hapo mutu anaweza kufurahi na kusema, kumbe jambo ni rahisi!

Lakini hapa ndipo wengi wanapotea. Maji hayatengenezi baridi. Yanabeba tu. Joto lile lote bado linapashwa kutoka kupitia radiatere na kuingia katika hewa ya chumba. Kama chumba kina digri 30, maji hayatashuka chini ya digri 30 hata ufanye nini. Mwanafunzi mwerevu atauliza: na mutungi wa udongo je, mbona maji yake yana baridi kupita hewa? Ni kweli, kwa sababu mutungi unatoa jasho. Maji kidogo yanapita katika udongo, yanageuka muvuke, na kwa kuondoka yanachukua joto. Tiyo za kompyuta zimefungwa, hazitoi jasho.

Tena kuna neno la maji yenyewe. Maji ya ziwa letu Tanganyika ni maangavu, lakini si maji matupu. Yana chumvichumvi nyingi za mawe ndani yake, na kipimo chake cha pH kinafika karibu 9. Yakizunguka katika mifereji myembamba yataacha uchafu mweupe kama ule wa ndani ya birika, na yakidondoka juu ya sahani ya umeme yatapitisha umeme pasipopaswa. Wenye kufanya kazi hii wanatumia maji yaliyosafishwa kwa muvuke, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na majani. Wala hawachanganyi shaba na alumini katika muzunguko mumoja, kwa sababu vyuma hivi viwili vikikutana ndani ya maji vinafanya kama batri, na alumini inaliwa pole pole mpaka inatoboka.

Si kwamba maji katika kompyuta ni upuzi. Kampuni ya IBM iliyatumia katika kompyuta zake kubwa tangu miaka ya 1960. Na katika mwaka 1985 kompyuta iliyoitwa Cray-2 ilitoka Marekani ikiwa imezamishwa nzima ndani ya maji ya namna nyingine, yasiyopitisha umeme. Zile zilikuwa mashine za kupima hali ya hewa na mambo ya vita. Sisi tunatafuta kuandika barua, kupiga hesabu, na kujifunza. Kompyuta ya michezo yenye tiyo za maji inaweza kuomba wati 400 ao 500. Laptopu inaomba 30 mpaka 60. Mutu anayeishi kwa pano ya jua ao kwa gurupe anajua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Kinachoua kompyuta zetu huku ni vumbi ya kiangazi. Inajaa katikati ya mapezi mpaka upepo haupiti tena. Kingine ni ile dawa nyeupe ao ya kijivu, kama dawa ya meno, inayowekwa kati ya prosesere na bamba lake. Kisha miaka kadhaa inakauka na kupasuka, na joto halipiti vizuri. Kwa hiyo: zima, ondoa waya, toa batri kama ni laptopu, fungua, safisha mapezi kwa burashi laini. Ukipuliza, shika ventilatere kwa kidole ili isizunguke ovyo. Pangusa dawa ya zamani, tia mupya, kidogo tu kama punje ya muchele. Kazi hii ni ya nusu saa, na inashinda pompe yoyote ya maji. Kisanduku cha umeme ndani ya kompyuta usikifungue, hata kama kimeondolewa katika umeme. Ndani yake kuna vitu vinavyohifadhi umeme, navyo vinaweza kukupiga vibaya.

Sasa ile ya pili. Katika mambo haya mawili kuna kiungo: kikombe cha shaba kinachokaa juu ya prosesere kina mifereji ya chini ya nusu milimita ndani yake, na hakuna musumeno wa mukono unaoweza kuichonga. Ndiyo maana mutu anayetaka kujitengenezea kompyuta ya maji mara nyingi anajikuta ametengeneza kwanza mashine ya kuchonga. Kwetu sisi, mashine hiyo ndiyo yenye faida.

Inaitwa CNC, maana yake mashine inayoongozwa na hesabu kwa njia ya kompyuta. Asili yake ni Marekani. Mutu mumoja jina lake John Parsons alikuwa na kazi ya kutengeneza mabawa ya helikopta, akaona kwamba mukono wa fundi haufikii vipimo vile. Katika mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kwanza iliyosoma vipimo kutoka katika ukanda wa karatasi wenye matundu, ikakata chuma yenyewe.

Msidhani kuna akili kubwa ndani yake. Mashine ina barabara tatu tu: kushoto na kuume, mbele na nyuma, juu na chini. Ni zile X, Y na Z ambazo mwalimu wa hesabu anazichora kila juma ubaoni. Kila barabara ina chuma kilichonyooka cha kutelezea, chuma chenye visi, na motere moja. Unaiandikia mustari kama huu: G1 X50 Y20 F100. Maana yake, nenda kwa mustari ulionyooka mpaka mahali pa milimita 50 na 20, kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika. Mistari mia moja ya namna hii inatoa jina lililochongwa juu ya ubao.

Siri iko katika motere. Si ile inayozunguka tu kama ya ventilatere. Ni motere ya hatua: kila mara unapoipa umeme kidogo inasogea hatua moja na kusimama. Zilizo nyingi zina hatua 200 kwa muzunguko. Chukua chuma cha visi cha milimita 8, kile kinachouzwa katika kenkayeri. Kwa muzunguko mumoja ekru yake inasogea milimita 1,25. Basi hatua 160 ni milimita moja kamili, na hatua moja ni chini ya sehemu mia moja ya milimita. Kwa chuma cha kufungia mabati! Lakini msifurahi mbio. Ekru inacheza kidogo juu ya visi, na mashine ikigeuka kurudi, motere inapiga hatua kadhaa bure kabla meza haijasogea. Mafundi wanatia ekru mbili na ressoro katikati ili zisukumane na kuondoa ule muchezo.

Vyuma vilivyonyooka na motere hizi tutazipata wapi? Ziko nyuma ya ofisi, zimetupwa. Mashine za zamani za kuchapa zenye sindano, fotokopi zilizokufa, na zile mashine za kupigia picha karatasi, mara nyingi zina motere za hatua, vyuma vya kutelezea, na mikanda yenye meno. Zile za wino za siku hizi mara nyingi zina motere ya kawaida, hiyo haitusaidii. Hata sehemu inayosoma sahani ya DVD ina ka-motere ka hatua 20 na visi ya milimita 3. Kwa hatua moja inasogea milimita 0,15. Mbili ama tatu za namna hiyo zinatosha kufanya mashine ya kuchora yenye upana wa sentimita 4 hivi, nzuri kwa kujifunza.

Wala hatusemi ndoto. Mule Lomé, katika nchi ya Togo, Afate Gnikou alijulikana katika mwaka 2013 kwa kutengeneza mashine ya kuchapa vitu vya plastiki kutoka katika takataka za kompyuta. Nairobi, Roy Ombatti na kampuni yake AB3D wamefanya vilevile, wakitumia sehemu za mashine zilizotupwa. Mashine zile zinaongeza plastiki, na CNC inaondoa mbao, lakini mifupa yao ni ile ile. Na katika nchi yetu wenyewe, tangu 2013 watu wa Kinshasa wameona njia panda zikiongozwa na maroboti ya alumini yenye pano ya jua, kazi ya injenia Thérèse Izay Kirongozi na wenzake.

Ubongo wa mashine ni sahani ndogo iitwayo Arduino, iliyoanza Italia katika mwaka 2005, pamoja na programu grbl, iliyoanza mwaka 2009 na inayotolewa bure. Hivi na visahani vya kuamuru motere ndivyo vinapashwa kuagizwa kwa feza. Vingine ni mikono yetu: mbao kavu, ao tripleksi nene, buloni, na uvumilivu wa kupima. Muti mubichi usitumie, utajikunja na mashine nzima itapinda.

Mashine ya namna hii itakata mbao, plastiki, na alumini nyembamba pole pole. Chuma kigumu haitakiweza, basi wachomeleaji wasiogope. Inafaa kwa vibao vya majina, mihuri, herufi za kupaka rangi juu ya mitumbwi, na sahani za umeme za kujifunzia. Wakati inazunguka vaa miwani. Kitenge, kamba ya shati na nywele ndefu vifungwe. Na kifungo cha kuzima kiwe karibu na mukono.

Neno moja tena juu ya mashine zilizotupwa. Vijana wengine wanazichoma ili wapate shaba ya waya, wengine wanasikia kwamba kuna dhahabu ndani na wanachemsha sahani katika asidi. Dhahabu iko, lakini ni kama rangi juu ya meno ya sahani. Mutu wa Fizi aliyeona kazi ya Misisi hatadanganywa na kadogo kama kale. Bati iko pia katika viungo, na tantale, ile inayotoka katika koltani, ndani ya vitu vingine vidogo vya kuhifadhi umeme. Madini ya namna ile ile yanayotoka Kivu kwa magunia yanaturudilia hivi, kisha tunayachoma moto. Moshi wa plastiki ile ni sumu, na motere nzuri iliyoungua hairudi.

Mashine ikiisha kuunganishwa, usitie kisu siku ya kwanza. Funga biki mahali pa kisu, tandika karatasi, na uiagize ichore muraba wa milimita 50 kwa kila upande. Kisha pima kutoka pembe mpaka pembe, kwa njia zote mbili. Kila moja inapashwa kuwa milimita 70,7. Kama moja ni 70 na ingine 71,4, barabara za X na Y hazikutani sawasawa: legeza buloni, sukuma kidogo, kaza, chora tena.