Kamera Inapolala Upande

Kimandolu, mashariki mwa jiji la Arusha, ardhi yenyewe imelala. Njia za mtaa zinaiacha barabara kuu ya Moshi na kupanda kuelekea kaskazini, uliko Mlima Meru wenye urefu wa mita 4,566. Fundi mwashi anayejenga huko haamini macho yake; anaamini pimamaji na timazi. Mpiga picha ana shida hiyo hiyo, tena kubwa zaidi, kwa kuwa hana bahari wala mbuga ya kumwonyesha upeo wa macho. Basi haishangazi picha nyingi za mlimani zikiwa zimepinda digrii mbili tatu bila aliyezipiga kukusudia.

Kupinda huko kidogo ndiko kunakoharibu picha. Kuinamisha kamera kwa makusudi, na kwa kiasi kinachoonekana, ni jambo jingine kabisa, na siri yake imo kichwani mwa mtazamaji.

David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walionyesha kwamba katika sehemu ya ubongo inayohusika na kuona zimo seli zinazochagua mistari: hii huitikia mstari uliosimama, ile uliolala, nyingine wa mshazari. Sikio nalo lina kazi yake. Ndani kabisa mna chembe ndogo za chokaa zinazoelemea upande wa mvutano wa dunia, hivyo mtu hujua juu na chini hata akiwa gizani. Je, macho na sikio vikipingana? Mwaka 1948 Herman Witkin na Solomon Asch walichapisha majaribio ambamo mtu aliketi gizani mbele ya fremu ing'aayo iliyoinamishwa, kisha akatakiwa kuiweka wima fimbo iliyokuwa ndani yake. Wengi waliipeleka fimbo upande ilikoinamia fremu. Macho yalikuwa yamelishinda sikio, walau kwa sehemu.

Mashaka hayo ndiyo mali ya mpiga picha. Carol Reed aliyatumia katika filamu ya The Third Man ya mwaka 1949, akiuonyesha mji wa Vienna uliobomolewa na vita kwa kamera iliyolala, mpaka mtazamaji akakosa wa kumwamini. Kabla yake, Mrusi Alexander Rodchenko alikuwa ameinamisha kamera kwa furaha tu ya mistari: karibu mwaka 1930 alimpiga picha mwanamke aliyebeba mtoto akipanda ngazi, na ngazi zile zikakata picha nzima kwa mshazari.

Huko Arusha somo zuri kuliko yote linapita barabarani kila dakika. Bodaboda akiingia kona yenye nusu kipenyo cha mita 20 kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa, hana budi kulaza pikipiki kwa digrii 27 hivi. Hata hivyo dereva hahisi kuanguka, kwa sababu nguvu ya kukata kona na mvutano wa dunia vikijumlishwa vinafuata uti wa mgongo wake. Kwake yeye, pikipiki imesimama na dunia ndiyo iliyolala. Mpiga picha akiinamisha kamera upande ule ule, kwa digrii zile zile, akamfuata kwa shata ya 1/30 ya sekunde, anapata picha ya dereva aliye wima huku maduka na nguzo zimeinama nyuma yake. Picha hiyo haidanganyi. Inaonyesha kile ambacho mwili wa dereva unakihisi.

Mteremko wenyewe pia unaweza kufanyiwa hivyo. Wapiga picha wa San Francisco wamezoea kuinamisha kamera hadi barabara ya kilimani ionekane tambarare, na hapo nyumba zinaonekana kama zinaanguka. Katika mtaa wa Kimandolu njia hiyo ingefaa kwa mama anayepanda na mkungu wa ndizi kichwani: barabara ikilazwa, mwili wake utaonekana umeinama mbele, na mtazamaji ataisoma kazi ya kupanda katika mgongo wake. Lakini lazima pawe na kitu kimoja kinachojulikana na wote kuwa huwa wima, nguzo ya umeme au kona ya nyumba. Kikikosekana, mtazamaji hana cha kupimia.

Uamuzi huo ufanywe papo hapo. Picha ya uwiano wa 3:2 ikizungushwa baadaye kwenye kompyuta kwa digrii 2 na kubakizwa katika uwiano wake, hupoteza karibu asilimia 10 ya eneo lake. Kwa digrii 10, asilimia 35.

Maziwa ya Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yasiguswe. Maji yaliyotulia hayana namna ya kulala mshazari, na macho hulijua hilo mara moja. Vivyo hivyo kwa upande wa mashariki wa Meru, ulioporomoka maelfu ya miaka iliyopita na kuacha umbo la kwato ya farasi lenye ukuta wa mwamba wa takriban mita 1,500. Anayeinamisha kamera ili ukuta huo utishe zaidi anaharibu ushahidi, kwani mwinuko wake ndio unaomsaidia mtazamaji kuelewa jinsi mlima ulivyoanguka.