Alama Zinazotambulisha Saratani ya Damu



Watu wawili wanaweza kuota uvimbe wa namna moja shingoni. Hata chini ya hadubini chembe zake zaweza kufanana. Kumbe mmoja ana saratani iliyoanza katika chembe nyeupe za damu, na mwingine ana saratani iliyotoka mapafuni ikaenea. Dawa zao si moja. Daktari akikosea jina la ugonjwa, atakosea na tiba.

Hapo ndipo kingamwili zinaposaidia. Hizi ni silaha ambazo mwili hutengeneza kupigana na maradhi, na kila moja hushika kitu chake tu, kama ufunguo na kufuli yake. Mwaka 1975, mjini Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein waligundua namna ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za aina moja. Mwaka 1984 walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Katika maabara, kipande chembamba cha uvimbe huwekwa juu ya kioo, kikatiwa kingamwili na rangi. Kwa kawaida, chembe yenye alama inayotafutwa hugeuka kahawia. Alama CD20 huonyesha chembe nyeupe za kundi B. Alama CD3, za kundi T. Keratini huelekeza kwenye saratani kama za mapafu, matiti au utumbo. Alama moja haitoshi. Mtaalamu hulinganisha kadhaa.

Jambo hili latuhusu sisi kwa sababu mbili. Kwanza, uvimbe wa saratani hii huweza kudhaniwa kuwa kifua kikuu. Ukitumia dawa za kifua kikuu na uvimbe haupungui, usiziache, bali rudi kwa daktari umwulize kama kipande cha uvimbe kimepimwa.

Pili, kemikali ya benzeni, iliyomo katika petroli na baadhi ya gundi, husababisha saratani ya damu. Mweleze daktari kazi unayofanya. Mkataba Namba 136 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1971, unataka wanaofanya kazi penye benzeni wapimwe afya pamoja na damu, kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baadaye, bila wao kulipa chochote.

Kila tawi liulize: je, nchi yetu imeuridhia mkataba huu? Na mwajiri wetu anapima?