Chaja ya Ndani ya Gari la Umeme na Waya za Kihambani

Betri ya gari la umeme hupokea mkondo mnyoofu tu, ilhali soketi ya TANESCO hutoa mkondo geu wa volti 230. Kazi ya kuugeuza hufanywa na chaja iliyofungwa ndani ya gari. Kisanduku cha ukutani, kiwe cha bei gani, hakichaji chochote: ni swichi yenye kinga, inayoliarifu gari ampea linazoruhusiwa kuvuta. Ndiyo maana anayetaka kuchaji upesi nyumbani huanza kuifikiria chaja yenyewe.

Nissan Leaf iliyotumika Japani inafaa kwa mfano. Zile za mwanzo zina betri ya uniti (kilowati-saa) 24, kwa hesabu ya mita ya LUKU, na chaja ya takriban kilowati 3.3. Kuanzia modeli ya 2013, katika baadhi ya masoko, ikapatikana pia chaja ya kilowati 6.6. Ya kwanza hujaza betri tupu kwa saa nane hivi, ya pili kwa saa nne. Plagi yake hupokea fezi moja, hivyo kuvuta fezi tatu hadi nyumbani hakuongezi kasi yoyote.

Waya wa kubebeka unaochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13 mara nyingi huvuta ampea 10 tu, yaani kilowati 2.3. Hapo hata chaja ndogo haijashiba. Mwenye kuchaji kwa njia hiyo akinunua chaja kubwa, amenunua asichokitumia.

Kubadili chaja kwenyewe kuna mipaka. Katika Leaf za mwanzo chaja ilikaa nyuma ya viti vya nyuma. Baadaye ilihamishiwa mbele, juu ya mota, kwa hiyo ya gari jipya haiingii katika la zamani kirahisi. Kwa magari ya kizazi kimoja, hubadilishwa pamoja na tundu la kuchajia na nyaya zake nene. Mfumo huo una volti zinazokaribia 400. Plagi ya usalama hung'olewa kwanza, kisha husubiriwa dakika zisizopungua 10 ili umeme uliobaki uishe.

Upande wa nyumba, kilowati 6.6 ni ampea 29 kwa saa kadhaa mfululizo. Zinahitaji laini ya peke yake kutoka swichi kuu, waya wa shaba usiopungua milimita 6 za mraba, erthi ya kuaminika, kinga ya umeme unaovuja, na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Marangu, Kibosho au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nyumba nyingi zimo ndani ya vihamba, yaani mashamba ya familia, katikati ya migomba na kahawa, mbali na nguzo na mbali zaidi na transfoma. Mita 30 za waya huo wa shaba hupoteza volti 5 hivi, si neno. Hasara kubwa hutokea kabla ya mita, kwenye laini ndefu inayolisha kaya nyingi. Umeme ukishuka jioni hadi volti 195, ampea 29 hutoa kilowati 5.7 tu, na mvuto huo huzidi kuushusha kwa jirani. Afadhali gari lipangiwe kuanza kuchaji saa tano usiku. LUKU ya nyumbani haibagui saa, basi bei haipungui. Faida ni volti.

Wengi hawaihitaji chaja kubwa. Kutoka Moshi mjini hadi lango la Marangu la kupandia Kilimanjaro na kurudi ni kama kilomita 80, uniti 15 hivi, na soketi ya kawaida huzirudisha kwa usiku mmoja. Mwenye haja ni anayepeleka wageni langoni mara mbili kwa siku.

Njia hiyo ni ya mlima: kupandisha gari la kilo 1,500 mita 1,000 hula uniti 4, na sehemu yake hurudi betrini wakati wa kushuka, mota inapogeuka jenereta. Lakini betri iliyojaa kabisa haipokei. Anayelala Marangu na kushukia Moshi asubuhi aache nafasi: akichaji hadi asilimia 80 au 85, mteremko humjazia sehemu ya iliyobaki bila gharama na breki zake hazichoki.