King'amuzi Kupoteza Mawimbi Ghafla: Namna ya Kubaini Chanzo

Kwa wakazi wa Handeni na Korogwe, kukatika ghafla kwa picha ya runinga si kukosa burudani tu, bali ni kukosa taarifa za habari, utabiri wa hali ya hewa na matangazo ya umma. Hata hivyo, si kila hitilafu hutokea kwenye mnara. Mawimbi yanaweza kupotea katika mita chache zilizopo kati ya antena na bodi ya saketi iliyomo ndani ya king'amuzi.

Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, dalili za tatizo hilo zimebadilika. Awali, mawimbi yalipodhoofika picha ilijaa chenga taratibu. Katika mfumo wa dijitali, picha hubaki safi hadi mawimbi yashuke chini ya kiwango kinachohitajika, kisha huganda au kutoweka.

Waya wa antena ya runinga hutengenezwa kwa ukinzani wa omu 75. Kupotea kwa desibeli 3 ni sawa na kupoteza nusu ya nguvu ya mawimbi, na waya wa kawaida wa mita 20 unaweza kufikia kiasi hicho ukiwa mzima. Maji ya masika yakipenya kwenye kiungio, au waya ukiungwa kwa kusokotwa, sehemu ya mawimbi hurudi yalikotoka.

Kwenye bodi, mstari mwembamba wa shaba unaotoka kwenye tundu la antena hupimwa upana wake ili ulingane na waya. Lehemu iliyopasuka kwa sababu ya tundu kuvutwavutwa, au kutu itokanayo na unyevu, huvuruga ulinganifu huo. Ufa mdogo huweza kutanuka kifaa kinapopata joto; ndiyo maana baadhi ya ving'amuzi hufanya kazi vikiwashwa, kisha hukatika.

Ukaguzi ufuate hatua. Kwanza, majirani waulizwe: nao wakikosa mawimbi, chanzo kiko nje ya nyumba. Pili, uelekeo wa antena uhakikiwe, hasa Korogwe ambako Milima ya Usambara huweza kuzuia mawimbi. Tatu, waya ubadilishwe kwa mwingine mfupi na mzima. Nne, king'amuzi kijaribiwe kwenye nyumba yenye mawimbi mazuri. Kikishindwa huko pia, kipelekwe kwa fundi. Kisifunguliwe kikiwa kwenye umeme.

Tatizo likiwa la huduma, malalamiko huanzia kwa mtoa huduma. Yasipotatuliwa, hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).