Slaidi, Rekodi za Skrini na Lugha ya Kufundishia Programu za Kompyuta

Mwanafunzi wa fonetiki aghalabu hufundishwa kwa maneno na kwa michoro, kisha huambiwa aende akapime irabu kwa kompyuta. Programu itumikayo sana kwa kazi hiyo ni Praat, iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, nayo hutolewa bure. Lakini menyu zake ni za Kiingereza, na maelezo yake humfaa zaidi mtu aliyekwisha kuizoea kazi. Ndipo mwalimu anapolazimika kusimama nyuma ya kila mwanafunzi akirudia maneno yale yale. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi slaidi na rekodi za skrini zinavyoweza kuupunguza mzigo huo, na kuonyesha kwamba ugumu mkubwa wa kazi hii si wa mitambo bali ni wa lugha. Kwa hiyo ni kazi yetu sisi wanaisimu, wala haifai kuachiwa mafundi peke yao.

Yafaa kwanza vyombo hivi viwili vitofautishwe. Slaidi ni ukurasa uliotulia. Huonyesha mchoro, jedwali au maneno machache, ukakaa mbele ya macho kadiri mwalimu apendavyo. Rekodi ya skrini ni picha inayotembea. Hunasa kila kitendekacho juu ya kioo cha kompyuta, jinsi kishale kinavyosogea na menyu inavyofunguka, pamoja na sauti ya anayeeleza. PowerPoint, iliyotokea mwaka 1987 kwa ajili ya slaidi, siku hizi yaweza pia kurekodi skrini. Na ziko programu za bure, kama OBS Studio, zifanyazo kazi hiyo vizuri. Kwa ufupi, slaidi hujibu swali la kwa nini, na rekodi hujibu swali la vipi. Masomo mengi huharibika kwa sababu vyombo hivi hubadilishwa nafasi.

Tuchukue mfano wa kupima fomanti za irabu tano za Kiswahili. Praat huanza na kikomo cha juu cha hezi 5,500, ikitafuta fomanti tano chini yake. Kiasi hiki chamfaa mwanamke mtu mzima. Kwa mwanamume hushauriwa kiwe 5,000. Mwanafunzi aliyeonyeshwa kwa rekodi tu mahali pa kuandika 5,000 ataandika, lakini siku ya kumpima mtoto atakwama. Hapa ndipo slaidi inapohitajika. Mchoro mmoja wa bomba lenye urefu wa sentimita 17.5, lililozibwa upande mmoja, watosha. Sauti ikisafiri mita 350 kwa sekunde, mwangwi wa kwanza wa bomba hilo utakuwa hezi 500, wa pili 1,500, wa tatu 2,500, na kuendelea hivyo hata ufike wa tano kwenye 4,500. Basi fomanti tano za mwanamume zaingia chini ya 5,000. Njia ya sauti ya mwanamke, kutoka kooni hadi midomoni, ni fupi zaidi, kwa hiyo fomanti zake hupanda na kuachana. Na ya mtoto ni fupi kuliko hiyo. Kikomo kikiachwa juu mno kwa mwanamume, programu yaweza kuzihesabu fomanti mbili za chini za irabu /u/ kuwa moja, na mwanafunzi akaandika katika tasnifu yake matokeo yasiyo ya kweli pasipo kujua. Mchoro huo ukishaeleweka, rekodi ya dakika mbili yatosha kuonyesha mahali pa kubadilisha kikomo.

Kuhusu wingi wa maandishi juu ya slaidi, Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi kwa picha pamoja na sauti kuliko kwa picha, sauti na maandishi yanayoirudia sauti ile ile. Sababu ni kwamba macho hulazimika kugawanyika. Slaidi basi isiandikwe hotuba nzima na kusomwa. Hata hivyo kanuni hii hulegea maneno yanapokuwa machache, au yanapokuwa mageni kwa msikilizaji. Kwetu sisi jambo hili lina maana kubwa: istilahi kama fomanti au spektrogramu yafaa iandikwe mara itajwapo kwanza, ikae peke yake, ili mwanafunzi aione na kuisikia kwa pamoja.

Juu ya lugha ya skrini na lugha ya sauti, twaweza kujifunza kutoka India. Mradi wa Spoken Tutorial wa IIT Bombay huandaa masomo ya programu huria yenye urefu wa dakika kumi hivi. Muswada huandikwa kwanza kwa safu mbili: upande mmoja kitakachoonekana, upande wa pili kitakachosemwa. Kisha sauti peke yake hutafsiriwa katika lugha nyingi za India, na skrini huachwa katika Kiingereza kama mwanafunzi atakavyoikuta kazini. Afrika Mashariki imekwisha kujaribu njia nyingine: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, ambayo menyu zake zilikuwa za Kiswahili. Njia zote mbili zina heshima yake, lakini ya kwanza ndiyo iliyo karibu na uwezo wa idara moja yenye kompyuta na kipaza sauti.

Muswada ukianza kuandikwa kwa Kiswahili, maswali ya sarufi hujitokeza papo hapo. La kwanza ni la kitenzi. Ni rahisi anayeeleza kusema, "unabofya hapa, unachagua faili, unafungua." Msikilizaji hajui kama anaelezwa kinachotendeka au anaamriwa kutenda. Yafaa maelekezo yawe katika hali ya kuamuru, "bofya", "chagua", na kiambishi -na- kiwekewe yale yanayoonekana, "dirisha linafunguka." La pili ni la mfuatano. Kiswahili kina viambishi vinavyoifaa kazi hii kikamilifu: "ukishafungua faili, subiri", "usipoliona dirisha, rudi kwenye menyu." Sentensi moja ya -sipo- humwokoa mwanafunzi aliye peke yake usiku, asiye na wa kumwuliza. La tatu ni la viashiria. "Hapa" na "pale" hutegemea jicho. Asiyeona, au atazamaye kwa simu yenye kioo kidogo, hapati kitu. Na isemwe, "katika menyu iitwayo Open, juu, upande wa kushoto."

Istilahi nazo zataka uamuzi. Wako wasemao kompyuta, wako wasemao tarakilishi au ngamizi. Wako wasemao faili hili, na wengine faili hii. Mwanafunzi hatadhurika kwa kuchaguliwa neno moja, bali atadhurika akisikia mawili katika somo moja akadhani ni vitu viwili. Tofauti zenye faida zihifadhiwe: kubofya kuwe kwa kipanya, na kubonyeza kuwe kwa vitufe vya kibodi. Orodha ya maneno yaliyochaguliwa iandikwe kabla ya kurekodi.

Yabaki mambo machache ya utendaji. Sauti irekodiwe mbali na picha, kwa kusoma muswada, ili kosa la neno lisilazimishe kazi nzima kurudiwa. Somo likatwe vipande vifupi, kila kipande tendo moja, kwa kuwa menyu hubadilika toleo hata toleo, na kipande kimoja ni rahisi kubadilisha kuliko somo zima. Mwanzoni litajwe toleo la programu na tarehe ya kurekodi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Iwapo mwanafunzi wetu atajadili irabu za Kiswahili kwa Kiswahili, kisha akazipime kwa maelekezo ya Kiingereza peke yake, tutakuwa tumemfundisha kwamba lugha hii yafaa kwa majadiliano lakini si kwa vipimo. Twapendekeza kila mhadhiri wa fonetiki aandike muswada mmoja wa dakika kumi kwa safu mbili, na miswada hiyo isomwe na kukosolewa na wenzake kama makala yoyote ya taaluma, kabla kitufe cha kurekodi hakijabofywa.